Kituo cha Mstari wa Tatu

Yuditha hakushangaa kwamba watu wa Nkwalemu walisimama katikati ya wimbo. Nyimbo za zamani zina viraka vyake, na kila usharika una vya kwake. Kilichomkaa kichwani, kama mbegu ya pera iliyonasa kwenye jino, ni kwamba baada ya kusimama walianza tena kwa pamoja.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, mistari minne kila ubeti. Tuni yake ililetwa na wamisionari zamani hizo, na maneno yalitiwa Kiswahili na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Ulianza hivi:

*Jioni yangu ifikapo,*
*Taa zote zizimikapo,*
*Mlango wako uwe wazi,*
*Niingie nipumzike.*

Kitabuni hakukuwa na kituo chochote. Nota zilitoka kwenye "wazi" zikaingia "niingie" bila hata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini Nkwalemu, kanisa zima, kuanzia wazee wa benchi la mbele mpaka vijana wa kipaimara waliojibanza nyuma, waliimba "uwe wazi", kisha kimya. Hakuna aliyepunga mkono. Hakuna aliyehesabu. Halafu watu mia mbili waliingia na "niingie" kama wenye mdomo mmoja.

Jumapili mbili mfululizo Yuditha alikaa pembeni ya kinanda, simu mapajani, akapima. Ubeti wa kwanza: sekunde tatu na kidogo. Wa pili: nne. Wa mwisho: karibu tano. Kituo hakikuwa na urefu mmoja, na bado hakuna aliyewahi wala aliyechelewa.

Yeye alikuwa mgeni hapo. Alizaliwa Rau, chini mjini, ambako wimbo huo uliimbwa moja kwa moja kama ulivyoandikwa. Alisomea stashahada ya muziki, na usharika wa Nkwalemu, huku juu Masama, ulimpokea kwa majaribio ya miezi sita. Mwezi wa tano ulikuwa unaisha. Mbele yake yalibaki mashindano ya kwaya za jimbo, wiki mbili zijazo. Kila kwaya ilitakiwa kuupanga upya wimbo mmoja wa zamani, kwa sauti nne, kwa namna yake. Wimbo uliochaguliwa mwaka huu ulikuwa huohuo.

"Mwalimu, nisikilize," alisema Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa kwaya. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la mvua na la jua, na katika miaka kumi na moja ya uenyekiti wake hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Mwenyewe alisema kuimba ni kazi ya wengine. "Mwaka jana mashindanoni tuliuimba wakati wa kuingia. Jaji akaandika. Unajua aliandika nini?"

"Uliniambia, mzee."

"Nakuambia tena. 'Kwaya inasimama pasipo na nota. Wimbo haujafahamika.' Haujafahamika. Sisi. Aisee, niliupanda huu mlima nikiangalia viatu vyangu." Akafunga vifungo vya koti, vyote, polepole. "Kitoe kile kituo, kwaya ni yako. Ukishindwa, kule mjini yuko mwalimu mwingine, Martin, ana mpangilio wake tayari, umenyooka kama uzi. Nitampigia."

Jumatatu mazoezini Yuditha alikitoa. Aliandika solfa ubaoni, akachora mstari wa kuunganisha "wazi" na "niingie", akaupigia chini mara mbili. Soprano, wasichana wengi wao, walipita bila taabu. Alto, wanawake watu wazima wakiongozwa na Bibi Kornelia, walisimama. Besi nao walisimama, isipokuwa Fredy, ambaye alikuwa akimkodolea mwalimu macho. Sauti yake ilitoka peke yake, nzito, kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini.

"Fredy, umetangulia mbinguni," alisema Godlove kutoka kwenye kinanda. "Tuwekee nafasi."

Walirudia mara saba. Mara ya saba ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Bibi Kornelia alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge, akamwangalia mwalimu kwa huruma ya kweli. "Hatukukatalii, mwanangu. Tunataka kupita. Hatupiti."

"Lakini bibi, pale kuna nini?"

"Pale kuna kituo."

"Naam. Cha nini?"

"Wewe ukifika mlangoni kwa mtu unaingia tu? Si unangoja ukaribishwe? Tumeimba mlango uwe wazi. Sasa tunangoja ufunguliwe."

Alto waliguna kwa kuridhika. Jibu lilimpendeza hata Yuditha, mpaka alipoliona tundu lake. "Ubeti wa tatu hauna mlango, bibi. Unazungumzia mto. Na pale mnangoja nini?"

Bibi Kornelia alifikiri. "Maji yapungue."

Godlove alikuwa na jibu lake. Wiki za mazoezi alipiga kinanda, na wiki nyingine alikuwa mpagazi, akipandisha mizigo ya watalii mlimani. "Ni pumzi tu, mwalimu. Wazee waliishiwa pumzi. Huku juu hewa nyepesi."

"Huku ni Masama, Godlove. Kileleni ni kule."

Kwa kuwa kituo hakikutoka, Yuditha alijaribu kukifunika. Aliwapa teno, wanaume wa sauti ya juu, mwitikio: wengine wakinyamaza, wao waimbe "uwe wazi, uwe wazi", mapigo manne kamili, kisha wote waingie. Kwenye karatasi ulipendeza. Jumatano, kwenye koo za watu, ubeti wa kwanza wengine waliingia teno hawajamaliza, na ubeti wa mwisho teno walimaliza wakabaki wamening'inia hewani, wakiangaliana. Kituo kilikataa kuhesabiwa.

Siku hiyo ndipo chaki ilipomponyoka. Aliinama kuiokota wakati alto wakifika "wazi", na kutoka pale chini akaona kitu ambacho mtu aliyesimama mbele ya kwaya hakioni: visigino. Katika kile kimya, wanawake walihamisha uzito wa mwili kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, taratibu, wote. Mguu wa kushoto ulipotulia sakafuni, sauti zikaingia.

Alibaki ameinama. "Endeleeni, ubeti wa pili." Safari hii uzito ulitoka kushoto kwenda kulia.

"Mnafanya nini na miguu?" aliuliza.

"Miguu gani?" alijibu Bibi Kornelia, na wanawake wote wakatazama chini, kama watu walioambiwa wamekanyaga kitu.

Fredy aliinua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe watatu wa maziwa, mwenye mabega ya kujaza mlango, na mawazo yake yalichukua muda kufika. "Marehemu Efraimu, mwalimu wa kwaya wa zamani, alikuwa na kinanda cha kukanyaga. Cha mfuko wa upepo. Watu wanasema mfuko ulitoboka. Labda alikuwa akifika pale anakanyaga, anakanyaga, mpaka ujae."

Yuditha alihisi nywele za shingoni zikisimama. Miguu. Mpiga kinanda akikanyaga mbele ya kanisa zima, kulia, kushoto, na watu wakimfuata kwa miguu yao bila kujua. Upepo ukipungua kadiri wimbo unavyoendelea, kituo cha mwisho kinakuwa kirefu zaidi. Kila kitu kiliingia mahali pake.

"Kinanda hicho kiko wapi?"

"Kwa mjane wake. Ng'ambo ya korongo."

Jumamosi asubuhi walishuka kukifuata. Mzee Eliezeri naye alikuja, kwa sababu mali ya usharika, alisema, haitoki kwenye nyumba ya mtu bila mwenyekiti kuwepo. Bibi Kornelia na alto wawili walikuja kumsalimia mjane. Kinanda kilikutwa sebuleni kimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake picha za harusi na redio. Yuditha alitaka kukifungua palepale. Mjane akasema hapana. Hakutaka kuona matumbo ya kinanda cha mume wake juu ya zulia lake, wakakifungulie kanisani.

Gari halikufika upande ule. Walikilaza kinanda juu ya miti miwili mirefu, wakakifunga kwa kamba za ng'ombe, na ikabaki kukibeba watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, mti begani. Mtu wa nne angekuwa kaka yake Fredy, lakini ng'ombe wake alianza kuzaa alfajiri hiyo.

"Mwalimu ataweza?" aliuliza Fredy.

"Mwalimu ndiye aliyekitaka," alisema Mzee Eliezeri, akishika mbele upande wa kulia. Godlove alichukua mbele kushoto. Yuditha aliingia nyuma ya mzee, Fredy pembeni yake. Nyuma yao wanawake walijitwika ndizi walizopewa na mjane, mkungu mmoja kila mtu.

Kushuka kulikwenda vizuri. Walivuka kijito juu ya mawe, na mlima ukaanza, njia nyembamba katikati ya migomba na kahawa, udongo mwekundu ukiteleza kwa mvua ya jana. Kabla ya hatua thelathini, bega la Yuditha lilikuwa linawaka. Hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Nyuma, labda kwa kuwaonea huruma, labda kwa kuwa migongo mbele yake ilimkumbusha kitu, Bibi Kornelia alianzisha wimbo.

*Jioni yangu ifikapo.* Hatua zao zilikaa kwenye wimbo zenyewe. *Taa zote zizimikapo.* Yuditha aliuma meno. *Mlango wako uwe wazi.*

Mzee Eliezeri alisimama.

Aliinamisha kichwa, akapita chini ya mti, akaibuka upande wa pili, na mti ukatua kwenye bega lake jingine. Ulikuwa mwendo laini, wa mtu anayevaa koti. Godlove, mpagazi, alifanya vilevile bila kuuliza. Fredy akafuata, na Yuditha, kwa kuwa mti ulikuwa unamtoka, akapita chini yake kwa namna yoyote iliyowezekana. Nyuma yao wanawake walikuwa kimya. Mzee alisawazisha mti, akainua mguu, akaukanyaga chini, na mguu ulipogusa udongo Bibi Kornelia na wenzake wakaingia:

*Niingie nipumzike.*

"Simameni," alisema Yuditha. "Tafadhali, simameni. Mzee, umefanya nini?"

"Nimebadili bega."

"Kwa nini pale?"

"Ndipo pa kubadili," alisema Mzee Eliezeri. Kisha akajisikia alichokisema. Alisimama na mti begani, mdomo wazi kidogo, macho kwenye njia, kama mtu anayesikia nyumba yake ikiitwa kwa jina ambalo hajalisikia tangu utotoni.

Wakakitua kinanda juu ya ukingo wa mfereji.

Ilichukua muda. Mzee alikaa juu ya jiwe akazungumza akitazama mikono yake. Kabla ya barabara kufika, alisema, gari la hospitali liliishia kwenye daraja la chini. Aliyefariki hospitalini alibebwa kutoka pale na vijana mpaka nyumbani, kwa kuwa mtu anazikwa kwenye kihamba chake, katikati ya migomba yake, si kwingine. Mwendo wa saa nzima, wote ni kupanda. Yeye alianza kubeba akiwa na miaka kumi na saba.

"Na wimbo ulikuwa huu?"

"Ulikuwa huu. Mstari wa tatu, bega. Mstari wa tatu, bega. Hakuna aliyetuambia, tuliwakuta wakubwa wanafanya."

"Kwa nini hukuniambia, mzee? Wiki nzima nauliza."

"Uliuliza habari za kuimba. Mimi sikuimba. Mtu aliye chini ya jeneza haimbi, mwalimu, anatafuta pumzi. Waliimba wanawake, huko nyuma."

Yuditha alimgeukia Bibi Kornelia, ambaye alikuwa bado na mkungu kichwani.

"Usiniangalie hivyo," alisema bibi. "Mimi nilikuwa msichana, nipo nyuma kabisa, mbele yangu kuna migongo ya watu hamsini. Wa mbele wakisimama, tunasimama. Wakienda, tunakwenda. Nilichokuwa naona ni visigino."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Waliobeba hawakuimba, na walioimba hawakuona. Barabara ilipofika juu, majeneza yakaanza kuletwa na magari mpaka mlangoni, mabega yakapumzika, na kituo kikabaki ndani ya wimbo bila kazi, kikingoja kwenye miguu ya watu.

"Kitu kimoja bado," alisema Yuditha. Alikuwa amekwisha toa daftari, bega likimuuma. "Ubeti wa mwisho. Kituo chake ni kirefu zaidi. Kwa nini?"

Mzee Eliezeri alinyoosha kidevu kuelekea juu, njia ilikopotelea kwenye migomba. "Mwisho unakuwa karibu na nyumbani. Huko ndiko mlima mkali. Na watu wamechoka." "Baba yangu aliletwa hivyo. Nilikuwa mbele, upande huuhuu."

Fredy alizikagua kamba, ingawa hazikuwa zimelegea.

Kanisani walikifungua kinanda. Mfuko wa upepo ulikuwa mzima kabisa, haukuwa hata na tundu la panya.

"Majaji hawatayajua haya," alisema Mzee Eliezeri akifunga vifungo vya koti. "Wao wana karatasi, na kwenye karatasi hakuna bega. Amua wewe, mwalimu. Namba ya Martin bado ninayo."

Yuditha aliamua Jumapili mchana, mezani kwake, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukikanda bega. Alifuta mwitikio wa teno. Alimwondoa Godlove kwenye kinanda na kumweka kwenye teno, kwa sababu njia ile haikuwa na kinanda isipokuwa kile kilichobebwa. Besi aliwapa nota nzito zinazopanda moja moja, kila nota hatua moja. Soprano aliwashusha, wasikike kwa mbali, kama watu walio nyuma ya watu hamsini. Na mwisho wa mstari wa tatu hakuandika alama yoyote ya kupumzika. Aliandika maneno mawili: *badili bega*.

Soprano ndio walikuwa shida. Wasichana hawakuwahi kubeba kitu kizito kuliko ndoo. Kwenye ibada waliifuata miguu ya mama zao, lakini wakisimama peke yao mbele walikiharakisha kituo. Kwa hiyo Jumanne waliokuwa wakipita barabarani waliona jambo geni: wasichana wa kwaya wakilizunguka kanisa, wanne wanne chini ya benchi la mvule, alto wakiimba nyuma yao, na Bibi Kornelia amekaa juu ya benchi kuongeza uzito.

"Polepole, nyie," alisema kutoka juu. "Mimi bado sijafa."

Siku ya tatu Yuditha aliliondoa benchi. Walisimama mikono mitupu, wakaimba, wakafika "wazi". Mabega yao yalishuka kidogo. Miguu ikahama. Hakuna aliyehesabu, na hakuna aliyewahi.

Jumamosi ya mashindano, kanisa kubwa la mjini lilijaa mpaka ngazini. Kwaya nne zilitangulia, mbili zikiwa na ngoma na moja ikiwa na matarumbeta, na zote zilipita mstari wa tatu bila kusimama. Mzee Eliezeri alikaa benchi la pembeni, simu mkononi.

Nkwalemu waliimba ya tano. Besi wakaanza kupanda. Mwisho wa mstari wa tatu Yuditha alishusha mikono yake yote miwili, akaiacha. Kimya kikaingia. Mezani, jaji wa kati, mwanamume wa miwani, aliinua kalamu haraka kama mtu aliyekuwa akimvizia mwizi. Kwaya ikahama mguu, ikaingia. Kalamu ilibaki juu.

Ubeti wa pili, vilevile. Ubeti wa mwisho, sekunde tano, na katika zile tano Yuditha alisikia kitu nyuma yake ambacho hakukipanga: mabenchi yakilia. Mbao zililalamika taratibu, hapa na pale, mahali walipokaa wazee wa Machame, wa Marangu, wa Kibosho. Watu wasiomfahamu, wa sharika zisizomfahamu, walikuwa wanahamisha uzito.

Walipata nafasi ya pili. Mzee Eliezeri aliisoma karatasi ya majaji mara tatu kabla ya kumpa. Mahali pa makosa hapakuwa na sentensi yoyote. Paliandikwa "Kituo, mstari wa tatu", na mbele yake alama ya kuuliza, kubwa, iliyorudiwa kwa kalamu.

"Martin anasemaje?" aliuliza Yuditha.

"Martin yupi?"

Nje walikuwa wanapakia vyombo. Sufuria kubwa la ndizi nyama, ambalo kwaya ilikuwa haijalimaliza, lilikuwa limepitishiwa mti kwenye vishikio vyake, tayari kubebwa mpaka kwenye lori chini ya uwanja, wakati jaji wa miwani alipowafuata, karatasi zake kwapani.

"Shikamoo, mzee. Mwalimu, samahani. Kile kituo. Nimekihesabu mara tatu, nimepata majibu matatu. Ni mapigo mangapi?"

Yuditha alimwangalia Mzee Eliezeri.

"Marahaba," alisema mzee. "Shika upande ule."

Jaji alilitazama sufuria. Akamtazama mwalimu, ambaye alimpokea karatasi na koti. Aliinama, akaweka mti begani, akainuka akiguna. Uwanja ulikuwa na mwinuko kidogo kabla ya kushuka. Nyuma yao Bibi Kornelia alikwisha anza, na alto wakadaka, na jaji, aliyeufahamu wimbo kwa nota zake zote, akaanza kuimba nao.

"Usiimbe," alisema Mzee Eliezeri bila kugeuka. "Beba. Wasikilize walio nyuma."

Jaji akanyamaza. Walikwenda hatua kwa hatua, sufuria likiyumba katikati yao, mpaka mwisho wa mstari wa tatu, na pale, kabla mtu yeyote hajamwambia, Yuditha alimwona akiinamisha kichwa.